Jicho langu limepona bila alama, la mama limebaki na chamba: kwa nini?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, wilayani Kongwa, Dodoma. Mwezi wa sita, tukivuna mtama, jani lilinikwaruza jicho la kulia. Usiku ule sikupata usingizi kwa maumivu, lakini siku ya tatu nilikuwa naona vizuri, na hospitalini hawakuona alama yoyote. Mama yangu ana miaka 61, na jicho lake la kushoto lina chamba cheupe. Nyumbani hakuna anayekumbuka siku aliyoumia. Nimesoma kwamba seli hupashana habari ili kidonda kipone. Habari zenyewe ni zipi, na kwa nini kwangu zilifanya kazi na kwa mama hazikufanya? Wanafunzi wangu wa kidato cha sita nao wanasubiri jibu.

Jibu: Marahaba, mwalimu. Pole kwa jicho, na pole kwa mama.

Nianze na neno moja ulilolitumia, maana jibu lote limo humo. Umesema habari za seli hazikufanya kazi kwa mama. Zilifanya kazi, mwalimu. Zimefanya kazi miaka mingi bila kupumzika, na chamba unachokiona ndiyo kazi yake. Mama alichokosa ni amri ya kuacha.

Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho, mbele ya duara jeusi. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu, lakini karibu theluthi mbili za nguvu ya jicho ya kukusanya mwanga zinatoka hapo. Haina mshipa wa damu hata mmoja. Oksijeni inaipata hewani kupitia machozi, na chakula kinatoka kwenye maji yaliyo nyuma yake. Juu kabisa kuna tabaka la seli zilizopangwa safu 5 hadi 7. Chini ya seli hizo kuna utando mwembamba mno zilikokalia, nao tuuite utando wa msingi. Chini yake ndipo ulipo mwili wenyewe wa konea, stroma, ambao ni kama asilimia 90 ya unene wote. Stroma ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni zilizolazwa kwa mpangilio mkali, na katikati yake zimo seli chache tulivu zinazozitunza. Mpangilio huo ndio unaoifanya konea iwe angavu. Kolajeni hiyohiyo ipo kwenye weupe wa jicho, lakini kule nyuzi ni nene na zimekaa ovyo, ndiyo maana huoni ng'ambo.

Shika hayo mawili, utando wa msingi na mpangilio wa nyuzi. Tutayarudia.

Sasa turudi shambani. Jani la mtama lina ukingo mkali, na lilipopita lilipasua seli za juu. Ndani ya kila seli kuna ATP, ambayo unawafundisha wanafunzi kuwa ni chanzo cha nishati. Seli ikipasuka, ATP inamwagika nje, na huko nje haina tena kazi ya nishati. Imekuwa yowe. Seli jirani zina vipokezi vinavyoinasa, na ikinaswa tu, kalsiamu inapanda ghafla ndani ya seli hiyo, halafu ya jirani yake, halafu ya mbele yake. Maabara ikitumia rangi zinazong'aa kwenye kalsiamu, wimbi hilo linaonekana likisambaa kutoka ukingoni mwa kidonda katika sekunde na dakika za mwanzo, kabla hata hujamaliza kusugua jicho. (Na usisugue. Nitasema baadaye.)

Wimbi lile linaamsha vimeng'enya vilivyo kwenye ngozi ya seli, na kazi yake ni kukata. Kwenye ngozi hiyo zimening'inia protini za familia ya EGF, yaani vichocheo vya ukuaji, zikiwa zimefungwa kama mbegu ndani ya suke. Kimeng'enya kinakata, kichocheo kinaanguka, kinakamatwa na kipokezi chake kwenye seli ileile au ya jirani. Kipokezi hicho, EGFR, ndicho kituo kikuu cha kazi yote ya kufunga kidonda cha juu cha konea. Yowe la ATP linapita hapo. Ujumbe kutoka kwenye machozi unapita hapo pia, kwa kuwa machozi nayo yana EGF.

Hapa nisimame kidogo, maana historia yake wanafunzi wataipenda. Stanley Cohen, Mmarekani, alikuwa akiwadunga vitoto vya panya maji ya tezi za mate za panya wakubwa. Akaona vitoto vinafungua macho siku kadhaa kabla ya wakati wake. Akafuatilia kilichosababisha, akaipata EGF, na mwaka 1962 akachapisha namna alivyoitenga. Mwenzake Rita Levi-Montalcini, Mwitaliano, alikuwa ameshagundua NGF, kichocheo kinachokuza neva. Mwaka 1986 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja. Majina hayo yote mawili yanaishi kwenye konea yako, kama nitakavyoonyesha.

EGFR ikishaamka, ndani ya seli ujumbe unapita njia zaidi ya moja. Njia moja ni ya protini zinazokabidhiana fosfeti mkono kwa mkono mpaka ERK, ambayo inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kujongea na za kugawanyika. Nyingine ni ya protini za PI3K na Akt, inayoiambia seli isife na inyooshe mguu kuelekea kwenye pengo. Pembeni yao ipo protini ya p38, ambayo inahimiza seli isafiri huku ikiizuia isigawanyike. Ndiyo maana ukingoni mwa kidonda utakuta mgawanyo wa kazi: seli za mbele hazizaliani, zinatembea tu, na za nyuma ndizo zinazozaliana kujaza nafasi. Ili itembee, seli hulegeza vishikizo vyake, hujilaza ikawa bapa, hutupa mguu mbele na kukanyaga protini iitwayo fibronektini, ambayo mwili umeimwaga juu ya pengo kwa muda.

Mwendo wenyewe umepimwa, ni kama mikromita 60 hadi 80 kwa saa. Wape wanafunzi hesabu hii: mkwaruzo wa upana wa milimita 2 una safari ya milimita 1 kwa kila upande. Watapata kati ya saa 12 na 17, ukiongeza na saa chache za kujiandaa mwanzoni. Mimi hesabu hii naiona kliniki. Nikimtilia mgonjwa rangi ya njano ya fluoresini na kummulika kwa taa ya bluu, mkwaruzo unang'aa kijani. Kesho yake akirudi, doa la kijani limesinyaa hadi kuwa nukta, au halipo kabisa. Nimeliona mara nyingi sana na bado linanifurahisha.

Kuna na umeme, kitu ambacho vitabu vya shule havikigusi. Tabaka la juu la konea lina tofauti ya volti kati ya juu na chini, kama milivolti 40. Likipasuka, mkondo mdogo wa umeme unaanza kutiririka kuelekea kwenye pengo, na seli zinaufuata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba PI3K ileile ndiyo inayoisaidia seli kusoma mwelekeo wa umeme huo.

Na maumivu yaliyokunyima usingizi? Konea ina miisho ya neva mingi kuliko ngozi yako kwa mara mamia. Neva hizo haziletei ubongo habari tu, bali zinailisha konea. Zinaachia kemikali zinazoziambia seli za juu ziendelee kuishi na kuzaliana, na seli nazo zinazirudishia neva NGF. Upande mmoja ukifa, mwingine unadhoofika. Kwa hiyo mgonjwa anayelia kwa maumivu ya mkwaruzo mdogo hanitishi. Ananitisha yule mwenye kidonda kipana anayesema hasikii kitu. Wengi wa hao wana kisukari cha miaka mingi, au virusi vya hapesi vimeshazila neva zake. Mwenye kisukari ana mzigo mara mbili, kwa kuwa hata njia ya EGFR na Akt kwenye seli zake inafanya kazi kwa unyonge. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha matone ya NGF yenyewe kwa konea zilizopoteza neva. Ile protini ya Levi-Montalcini sasa inatiwa jichoni kwa tone.

Mpaka hapo nimeeleza jicho lako. Jani lilichuna safu za juu, utando wa msingi ukabaki mzima, seli zikapita juu yake zikakutana katikati, zikarudisha vishikizo, ikawa basi.

Sasa jicho la mama.

Ndani ya seli za juu kuna ujumbe mwingine unaokaa tayari, IL-1. Seli zikiumia unavuja hadi kwenye stroma, na seli tulivu zilizo karibu na kidonda zinajiua zenyewe ndani ya saa chache. Wapo wanaodhani ni mwili kuzuia virusi visipate pa kukaa na kupenya ndani zaidi, na mimi naona wazo hilo lina mantiki. Zilizo mbali kidogo zinabaki, zinaamka, zinaanza kuzaliana na kutengeneza vichocheo vya kuzisaidia seli za juu zifunge pengo. Yaani juu na chini wanaongea, kila mmoja anamtumia mwenzake. Hata hilo bado ni jema.

Shida inakuja na TGF-beta. Huu ni ujumbe ambao seli za juu na machozi vinao wakati wote. Fikiria ng'ombe wa Ugogo. Wakiwa ndani ya boma la miiba ni mali ya nyumba. Ng'ombe walewale, uzio ukibomoka usiku wakaingia kwenye mtama, asubuhi kuna kilio. Uzio wa konea ni ule utando wa msingi. Ukiwa mzima, TGF-beta inabaki juu. Ukitoboka, inashuka kwenye stroma, inakamatwa na vipokezi vya seli zilizoamka, na ndani yake protini ziitwazo Smadi zinaupeleka ujumbe kwenye kiini. Seli inabadilika tabia. Inajaza nyuzi za kukaza kama za msuli, inavuta kidonda kikaze, inamwaga kolajeni nyingi isiyo na mpangilio. Seli hizo huitwa mayofaibroblasti. Zenyewe si angavu, na kazi ya mikono yake si angavu. Huo ndio weupe wa chamba.

Lakini sikiliza hili, kwa kuwa ndilo kiini cha jibu langu. Mayofaibroblasti haziwezi kuishi bila TGF-beta. Utando wa msingi ukijengwa upya vizuri, ujumbe unakatika, nazo zinakufa. Seli tulivu zinarudi, zinasafisha kolajeni mbovu, na weupe unaweza kupungua kwa miezi na hata miaka. Utando usipojengeka, au ukijengwa ukabomolewa tena, ujumbe hauishi.

Na nyumbani kwenu Kongwa kuna kitu kinachoubomoa uzio huo kila siku. Hamkumbuki siku mama aliyoumia kwa sababu, kwa ninavyoona, hapakuwa na siku moja. Sijamwona, kwa hiyo chukua hili kama dhana ya mtu aliyewaona wengi, ila mwanamke wa miaka 61 aliyekulia Kongwa, mwenye chamba kisicho na tukio, kwanza ninafikiria vikope, yaani trakoma. Wilaya yenu imekuwa na ugonjwa huu kwa wingi kiasi kwamba watafiti wamekuwa wakija huko tangu miaka ya 1980. Mtoto anaambukizwa mara nyingi utotoni, kwa mikono, nguo, na inzi wanaofuata tongotongo na makamasi. Kila ambukizo linaacha kovu dogo upande wa ndani wa kope la juu. Miaka inapita. Makovu yanakaza, kope linajikunja kwa ndani, na nywele zake zinaanza kugusa konea. Mtu hupepesa macho maelfu ya mara kwa siku. Kila pepeso ni jani dogo la mtama. Wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto wadogo wenye maambukizi.

Hapo EGFR inafanya kazi yake usiku mama akilala, seli zinatembea, na asubuhi anapoamka kazi inakwanguliwa. Uzio unatobolewa kabla haujakamilika. TGF-beta inashuka leo, kesho, mwakani. Tena uchochezi wa muda mrefu, yaani uvimbe na wekundu usioisha, unaleta VEGF, ujumbe wa kuotesha mishipa ya damu. Konea nzima hujilinda nao kwa kutengeneza kipokezi cha VEGF kinachoelea, kinachounasa ujumbe kabla haujafika. Mwaka 2006 ndipo ilipoonyeshwa kwamba kipokezi hicho ndicho kinachoiweka konea bila damu. Kwenye vikope ulinzi huo unazidiwa, na mishipa inateremka kutoka juu ya konea kama mizizi.

Kwa hiyo la kwanza kwa mama si matone. Nywele zinazogusa konea lazima ziondoke. Wapo akina mama wanaotembea na kibano kidogo wakizing'oa wenyewe mmoja baada ya mwingine, na ninaelewa kwa nini, maana inawapa nafuu. Lakini unywele uliong'olewa unarudi baada ya wiki kadhaa, na unywele mchanga huwa mfupi na mgumu. Kinachotakiwa ni upasuaji mdogo wa kuligeuza kope. Unafanyika kwa ganzi, mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Uliza hospitali ya wilaya ni lini wanao mtaalamu wa upasuaji wa vikope, au mpeleke Dodoma mjini. Jicho la kulia nalo likaguliwe hata kama anaona vizuri. Mimi ndilo ninalolihofia zaidi, kwa kuwa ndilo lenye cha kupoteza.

Nirudi kwenye mkwaruzo wa shambani, maana najua wenzako watavuna tena, na walioko kwenye zabibu watapogoa tena. Mkwaruzo wa jani au kijiti unaweza kuingiza fangasi, na kidonda cha fangasi ni adui mbaya kuliko wa bakteria. Kule Bhaktapur, Nepal, watu wa vijijini waliokwaruzwa konea walipewa mafuta ya kloramfenikoli ya asilimia 1, mara tatu kwa siku kwa siku tatu. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001, kati ya waliotibiwa ndani ya saa 18 hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Baadhi ya waliochelewa hadi siku ya pili walipata. Kwa hiyo jicho likikwaruzwa, lisafishwe kwa maji safi na mtu awe kituo cha afya siku hiyohiyo, asisubiri kuona kama litapoa. Na asilisugue. Seli zinazotembea zimelegeza vishikizo vyake, na kidole kimoja kinazifuta zote.

Yapo matone mawili yanayonikasirisha ninapoyakuta mfukoni mwa mgonjwa. La kwanza ni ganzi. Fundi wa kuchomelea anapewa na mwenzake, maumivu yanapotea dakika hiyo, anatia tena na tena. Ganzi inanyamazisha neva zinazoilisha konea na inazizuia seli kutembea. Nimeona konea zikiyeyuka. La pili ni matone yenye steroidi, yanayonunuliwa dukani kwa sababu yanatoa wekundu haraka. Steroidi inazima ujumbe wa kinga, na kama ndani kuna fangasi au hapesi, umewafungulia mlango. Tunazitumia sisi wenyewe, tena kwa manufaa, lakini baada ya kulitazama jicho kwa darubini. Mkojo, maziwa na maji ya majani ya porini sitaki kuyajadili sana. Yanaingiza vijidudu kwenye kidonda kilicho wazi, basi.

Kwa watoto kuna jambo moja zaidi. Vitamini A ni ujumbe pia. Mwili unaigeuza kuwa asidi ya retinoiki, inaingia kwenye kiini cha seli, na inaiambia seli ya juu ibaki laini na yenye unyevu. Isipokuwepo, uso wa jicho unakauka kama ngozi ya kisigino. Surua inaimaliza akiba ya vitamini hiyo kwa haraka, na miaka ya 1980 ndivyo watoto wengi wa kanda hii walivyopofuka. Chanjo ya surua, matone ya vitamini A kliniki, maembe ya msimu na mlenda wa nyumbani ni dawa za konea.

Mwisho, wanafunzi watauliza kama chamba cha bibi kinaweza kufutwa. Kovu la zamani lililo katikati tunaweza kulibadilisha kwa kupandikiza konea ya mtu aliyefariki, ila kwa jicho lenye vikope ni baada ya kope kurekebishwa na jicho kutulia, na mishipa ya damu ikishaingia hatari ya pandikizi kukataliwa inaongezeka. Njia nyingine inayotafutwa ni kuikata TGF-beta yenyewe. Losartani, dawa ya presha ambayo huenda mama anaimeza tayari, inadhoofisha baadhi ya ujumbe wa TGF-beta. Ikitengenezwa kama matone, imepunguza makovu kwenye konea za sungura, na majaribio yameanza kusogezwa kwa binadamu. Waambie hilo wanafunzi kwa sababu ni sayansi nzuri, lakini waambie pia wasijaribu kusaga kidonge na kumtilia bibi jichoni. Kidonge kina unga wa kushikizia, na utamkwaruza upya pale pale tunapotaka pafunge.

Mpeleke mama kabla mavuno hayajaanza tena na nyumba ikakosa nafasi. Ukifika, mwombe mtaalamu akuonyeshe upande wa ndani wa kope lake la juu. Mistari myeupe utakayoiona pale ni makovu ya utotoni mwake.